Soksi za sufu kwa matembezi marefu: pesa ya ziada inakwenda wapi

Kosa la karibu kila anayeanza kupanda milima ni lile lile. Pesa zote zinaishia kwenye buti, begi la mgongoni na koti la mvua, kisha usiku wa kuamkia safari anachomoa soksi za pamba kabatini. Soksi ni soksi, anajisemea. Kilomita tatu nne za mwanzo zinamuunga mkono: njia ni tambarare, mguu mkavu, buti bado zinanukia upya. Ikifika kilomita ya sita hivi mpando umeanza, pamba imeshiba jasho na haina pa kulipeleka. Kitambaa kimelala bapa juu ya ngozi, na chini ya vidole pamejitokeza mkunjo mdogo ambao asubuhi haukuwepo. Kisigino kinaanza kuwaka. Anavumilia mpaka pa kupumzikia, maana kuwasimamisha wenzake njiani anaona haya. Jioni akivua buti anakuta lengelenge lenye ukubwa wa kizibo cha soda. Siku ya pili anakanyagia upande wa mguu, goti linalipa deni la kisigino, na kilele anachokiota mwaka mzima anakifikia amekunja uso.

Akirudi hulaumu buti. Mara nyingine buti zina kesi ya kujibu, lakini soksi hazihojiwi. Na anapoambiwa kuna soksi za sufu zinazouzwa kwa bei ya jozi nne, tano, hata sita za kawaida, kwanza anacheka, kisha anauliza kama kweli zinastahili bei hiyo.

Swali lake ni la haki. Kwa anayetembea saa nyingi, au siku kadhaa mfululizo, jibu ni kwamba zinastahili bei hiyo. Ila pesa hiyo hailipii kile wengi wanachodhani. Wanadhani wanalipia sufu. Sufu ni sehemu tu. Sehemu kubwa inalipia ufumaji, na asiyelijua hilo hununua sufu ghali iliyofumwa ovyo, ikatoboka baada ya safari tatu, akaenda kutangaza kwamba sufu ni biashara ya maneno.

Lengelenge linavyozaliwa

Bonyeza ncha ya kidole juu ya mgongo wa mkono wako wa pili, kisha kisogeze huku na huku bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakwenda, mfupa umebaki pale pale. Matabaka ya katikati yanavutwa pande mbili. Hicho ndicho kinachotokea kisiginoni kila unapokanyaga: buti na soksi zimeing'ang'ania ngozi, mfupa unacheza ndani. Kilomita moja ni hatua 1,300 hivi kwa mtu mzima, kwa hiyo safari ya kilomita 20 inaufanya kila mguu ukanyage mara 13,000. Mvutano ukirudiwa kiasi hicho, matabaka ya ndani ya ngozi yanaachana, na baada ya muda nafasi iliyobaki inajaa majimaji. Ngozi ya juu inaweza isichubuke hata kidogo. Tena ngozi yenye unyevunyevu hung'ang'aniwa zaidi kuliko ngozi kavu, ndiyo maana lengelenge na jasho ni ndugu.

Kutokana na hayo soksi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuondoa unyevu kwenye ngozi. Ya pili ni kuupokea ule mchezo wa mguu ili ufanyike ndani ya soksi, vitanzi vya uzi vikilala na kuinuka, badala ya kufanyika ndani ya ngozi. Kazi ya kwanza ni ya malighafi. Ya pili ni ya mfumaji.

Kwenye malighafi, sufu ina sifa za kweli. Inaweza kunywa mvuke wa jasho mpaka karibu theluthi ya uzito wake mkavu, na unyevu huo unaingia ndani ya unyuzi wenyewe, kwa hiyo kwa muda mrefu mguu hauhisi kulowa. Poliesta hainywi hata asilimia 1. Yenyewe hutegemea kulisafirisha jasho juu ya nyuzi zake lifike nje likauke, kazi ambayo inaifanya vizuri pale penye hewa. Ndani ya buti ya ngozi iliyofungwa mpaka juu, hewa iko wapi? Nailoni inanywa kama asilimia 4. Pamba ina shida yake: inakunywa maji kwa pupa, ikishalowa inalegea na kupoteza unene, na kukauka ni kwa uvivu. Sufu ina mawimbi ya asili kama springi, hivyo hata ikiwa na maji haisinyai yote.

Lakini sifa zisizidi kipimo. Soksi ya sufu iliyotumbukia mtoni ni soksi iliyolowa, baridi, nzito. Na hukauka polepole kuliko poliesta. Anayekwenda mahali pa joto kali lenye unyevu, au njia inayovuka maji kila baada ya dakika 20, mara nyingi atafurahia zaidi soksi nyembamba za nailoni na poliesta pamoja na viatu vyepesi vinavyomwaga maji. Na kwa matembezi ya saa moja au mbili kwenye njia laini, soksi yoyote safi isiyo na mikunjo inatosha. Kununua sufu kwa kazi hiyo ni anasa.

Kuna wanaoikataa sufu kwa kumbukumbu ya sweta la utotoni lililowawasha shingo. Kinachowasha ni unene wa nyuzi. Zikipita maikroni 30 hivi, yaani sehemu 30 za elfu za milimita, ncha zake huwa ngumu kiasi cha kuchoma ngozi badala ya kupinda. Sufu ya kondoo wa merino inayotumika kwenye soksi nzuri kwa kawaida huwa kati ya maikroni 17 na 22. Kwa kulinganisha, unywele wa mtu mara nyingi huwa 50 au zaidi.

Faida moja ambayo haionekani mpaka siku ya tatu ni harufu. Sufu inafungia harufu ndani yake na kuiachia kidogo kidogo, wakati poliesta huitoa yote kwa wakati mmoja, tena ndani ya hema. Mwenye kulala karibu nawe ataiona thamani ya pesa yako kabla yako.

Sasa ufumaji. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Herring na Richie, walilinganisha soksi za pamba na za akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, kwa wakimbiaji wa masafa marefu, zote zikiwa na wayo uliofumwa kwa mto mnene wa vitanzi. Za akriliki zilitoa malengelenge machache na madogo zaidi. Mwaka 1993 wakarudia, safari hii kwa soksi zenye mto wa kawaida wa bei rahisi, na tofauti ile ikayeyuka. Sufu haikuwa mezani siku hiyo, lakini funzo linaihusu: uzi mzuri ukifumwa vibaya haukuokoi. Mtu akikuuliza pesa inakwenda wapi, mwonyeshe upande wa ndani wa soksi.

Dukani

Anza na lebo, lakini usiishie hapo. Malighafi huandikwa kwa asilimia, kubwa ikitangulia. Mchanganyiko unaodumu kwa matembezi huangukia hapa: sufu 50 hadi 70, nailoni 25 hadi 45, na lastiki 2 hadi 5. Mwanzoni wengi hutafuta asilimia 100 ya sufu wakidhani ndiyo bora. Kwa soksi ya kutembelea hilo ni kosa. Sufu ni dhaifu kwenye msuguano, na bila nailoni ya kuishikilia kisigino kitakwisha mapema sana. Bila lastiki soksi itapwaya kufikia mchana. Upande wa pili kuna soksi zenye picha ya kondoo na milima kwenye kifungashio, na ndani ni akriliki tupu yenye asilimia 10 ya sufu ya kuombea. Maneno kama "hisia ya sufu" hayana maana yoyote. Asilimia ndiyo yenye maana.

Kisha geuza soksi ndani nje. Hapa ndipo bei inapojieleza. Kwenye wayo na kisigino utaona vitanzi vidogo kama vya taulo. Katika soksi nzuri vimesongamana kiasi kwamba ukivitenganisha kwa kucha unakuta vingine chini yake, na ukibonyeza kwa dole gumba na kuachia, vinainuka mara moja. Katika soksi duni vitanzi ni virefu, vimeachana, na ukibonyeza vinabaki vimelala. Vitanzi virefu vinadanganya sana dukani kwa sababu vinaipa soksi unono. Safari mbili baadaye vimegandamana kuwa mkeka. Ingiza vidole viwili kwenye kisigino, tanua kidogo, elekeza kwenye mwanga. Ukiona rangi ya ngozi yako waziwazi kati ya nyuzi, rudisha rafuni.

Pitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni, upande wa ndani. Mshono mzuri ni bapa, karibu usiuhisi, na uko juu ya vidole, si kwenye ncha zake. Ukihisi kamba yenye fundo kwenye kona mbili, jua fundo hilo litakaa juu ya kidole kidogo kwa kilomita zote utakazotembea.

Kisigino kiwe na mfuko wake uliofumwa, soksi ikilala mezani ipinde yenyewe. Soksi iliyonyooka kama bomba hutegemea kuvutika, na kinachovutika huzunguka. Katikati ya wayo kuwe na mkanda wa lastiki unaokumbatia unyayo bila kubana.

Ukubwa unakosewa kuliko kitu kingine chochote. Watu huchagua soksi kubwa kidogo "ili mguu upumue". Mguu haupumui; soksi inajikunja. Ukiivaa, mfuko wa kisigino ukae kisiginoni hasa. Ukipanda juu kuelekea mshipa wa nyuma ya kifundo, ni kubwa. Ikiwa vidole vinavutwa nyuma au ukucha wa dole gumba unaonekana umejichora, ni ndogo, na ukucha huo utaitoboa. Ukubwa wa soksi moja kwa kawaida unabeba namba mbili au tatu za viatu. Ukiwa katikati ya ukubwa mbili, kwa sufu yenye lastiki ya kutosha ni afadhali ule mdogo.

Unene ni suala la buti zako, si la baridi peke yake. Soksi nene ndani ya buti iliyobana inaleta baridi zaidi: vitanzi vimegandamizwa, hewa imetoka, damu haipiti vizuri. Nyembamba ndani ya buti kubwa zinaacha kisigino kikipanda na kushuka. Kwa hiyo kama buti bado hujanunua, nunua soksi kwanza, kisha nenda nazo kujaribu buti, mchana wa kuelekea jioni wakati miguu imevimba kidogo. Kama buti unazo tayari, unene wa kati ndio salama kwa wengi: mto chini ya wayo na kisigino, juu pembamba. Zile nene kabisa ziache kwa theluji na kwa kulalia.

Urefu usikuumize kichwa. Soksi ipite ukingo wa buti kwa vidole viwili au zaidi, basi.

Kipo kipimo cha mwisho cha kufanyia nyumbani kama unashuku umeuziwa maneno. Vuta uzi mfupi kutoka ndani, ushike kwa kibano juu ya sinki, uwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, moto unasitasita na kuzimika wenyewe, na jivu linasagika kwa vidole. Nailoni na poliesta zinayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Soksi ya mchanganyiko itakupa vyote viwili, harufu ya nywele na kishanga. Ukipata kishanga kitupu na harufu ya plastiki, kondoo hakuhusika.

Njiani

Usiende safari ya siku tatu na soksi mpya kutoka kwenye kifungashio. Zifue mara moja kuondoa nyuzi zilizolegea na dawa za kiwandani, kisha zitembelee kilomita tano hadi nane karibu na nyumbani ukiwa na buti zile zile. Kama kuna mshono mbaya au kisigino kinachozunguka, utajua hapo, ambapo kurudi ni rahisi.

Kata kucha siku moja au mbili kabla ya safari, si usiku wa mwisho ambapo unaweza kujikata. Kucha ndefu ndiyo chanzo kikuu cha matundu ya vidoleni, na ukiteremka mlima hujigonga kwenye buti mpaka inageuka nyeusi. Soksi gani itakusaidia hapo?

Jozi tatu zinatosha safari ya wiki nzima: moja mguuni, moja inakauka, moja haiguswi ila usiku. Ile ya usiku ndiyo watu huishindwa. Siku ya mvua wanajishawishi kuivaa mchana "mara hii tu", na usiku wanalala na miguu iliyolowa. Miguu inayokaa kwenye unyevu na baridi kwa siku kadhaa hufa ganzi, huvimba na kuharibika hata bila barafu. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia waliupata ugonjwa huo kwenye mahandaki, na amri waliyopewa ilikuwa kukausha miguu, kuipaka mafuta na kubadilisha soksi. Jozi ya usiku ibaki kavu hata mbingu zikianguka.

Asubuhi vaa soksi ukiwa umekaa, si ukirukaruka kwa mguu mmoja. Ikunje mpaka vidoleni, ingiza vidole, panga mshono, kisha vuta hadi kisigino kiingie mfukoni mwake. Pitisha kiganja chini ya wayo. Chembe moja ya mchanga itakayobaki humo itakuwa sindano saa nne baadaye, na itafanya kazi pande zote mbili: inakula ngozi, inakula soksi. Mchanga unatoboa soksi nyingi kuliko kilomita. Kwenye njia ya vumbi, vua buti kila pumziko refu, kung'uta soksi, geuza, kung'uta tena.

Na kisigino kikianza kuwaka, simama. Si baada ya kona ile, si mkifika kileleni. Una dakika chache kabla matabaka yale hayajaachana. Vua, kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa bila mkunjo na uzungushe kona zake kwa mkasi ili zisibanduke, vaa jozi kavu, kaza kamba za buti upya kwenye kifundo. Shughuli yote ni dakika tano. Wenzako watasubiri; watasubiri muda mrefu zaidi kesho ukichechemea. Lengelenge likishatokea na ni dogo, liache na ulikinge. Likiwa kubwa na linazuia kutembea, safisha ngozi na sindano kwa dawa, litoboe pembeni karibu na chini, kamua taratibu, na ngozi ya juu usiibandue kamwe.

Wenye miguu inayotoka malengelenge hata na soksi bora huongeza soksi nyembamba laini ya ndani, ya poliesta au polipropilini, ili tabaka mbili ziteleze zenyewe kwa zenyewe. Inafanya kazi, mradi buti zina nafasi. Ukizibana, umejirudisha ulikotoka.

Kambini, jozi ya mchana igeuzwe ndani nje na kuning'inizwa. Kila siku ya pili isuuze kwa maji, maana chumvi ya jasho huifanya ngumu kama karatasi ya msasa. Chota maji ukasuuzie mbali na mto, hatua 70 au 80 kutoka ukingoni. Usiikamue kwa kuisokota; ikunje ndani ya taulo au fulana kavu, ukanyage juu yake. Kesho yake ifunge nje ya begi kwa pini ikauke ukitembea. Ikibaki na unyevu kidogo usiku, ingia nayo kwenye mfuko wa kulalia, juu ya tumbo. Si jambo la kupendeza lakini asubuhi itakuwa kavu.

Moto wa kambi ni adui. Soksi nyingi nzuri hufia hapo, zimetundikwa kwenye kijiti, mwenyewe akipiga soga. Sufu inaungua, nailoni inayeyuka na kuacha madoa magumu yanayokwangua mguu, lastiki inakufa kimyakimya bila kuonekana. Unagundua baada ya siku mbili, soksi inapoanza kushuka.

Kufua bila kuziua

Unyuzi wa sufu una magamba, kama ya samaki, yote yakielekea upande mmoja. Maji ya moto, sabuni na kusuguliwa vikikutana, magamba yanashikana na hayaachani tena: soksi inajikunyata, inakuwa nene na ngumu, na hakuna ujanja wa kuirudisha ilivyokuwa. Soksi nyingi za kisasa zimetibiwa ili kuzuia hilo na zinaingia kwenye mashine, ila lebo ndiyo itakayosema. Zigeuze ndani nje, maji yasizidi nyuzi joto 30, mzunguko wa taratibu. Kwa mkono ni kuzibonyezabonyeza tu, si kuzifikicha.

Vitu vitatu vikae mbali nazo. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini huiyeyusha sufu, na hapa simaanishi inaidhoofisha: inaiyeyusha kweli. Dawa ya kulainisha nguo hupaka nyuzi utando unaozuia kunywa jasho, kwa hiyo umelipia sufu kisha ukaifunika. Na sabuni zenye vimeng'enya vya kula madoa ya protini haziwezi kutofautisha doa na soksi, maana sufu yenyewe ni protini. Kwa sababu hiyo hiyo nondo wa nguo wanaipenda, hasa ikiwa na jasho. Zifue kabla ya kuzihifadhi, uzifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukikuta tayari wameingia, mfuko mzima ukae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili.

Mashine ya kukaushia yenye joto kali hapana. Kivulini, zikiwa zimening'inizwa kwa upande wa vidole ili lastiki ya juu isivutwe na uzito wa maji.

Zinapoanza kwisha

Soksi ya mchanganyiko haitoboki ghafla. Kwanza sufu inalika na kuacha nailoni peke yake, na mahali hapo panakuwa kama wavu: ukiinua kisigino kwenye mwanga unaona vijidirisha. Bado haina tundu, na wengi huendelea nayo kwa sababu hiyo, lakini mto umekwisha na kazi ya pili ya soksi haifanyiki tena. Hiyo itoe kwenye safari ndefu. Ukiiwahi katika hatua ya wavu, inatengenezeka: ingiza balbu au kibuyu kidogo ndani ya kisigino, chukua uzi wa sufu wenye nailoni, pitisha mistari sambamba ukianzia sentimita moja nje ya sehemu iliyolika, kisha rudi ukikatiza juu na chini kama mkeka. Usikaze, na usifunge fundo. Acha mkia wa uzi ujishikilie ndani ya vitanzi. Tundu likishafunguka, kiraka hicho mara nyingi huwa kigumu mno kwa buti, lakini kwa soksi ya kulalia hakina neno.

Kuhusu hesabu, nitasema wazi. Ukipima kwa uimara peke yake, jozi moja ya sufu haishindi jozi tano za bei ya chini kila mara. Mtu mwenye buti zenye bitana iliyochanika kisiginoni atazimaliza zote kwa kasi ile ile. Apapase ndani ya buti kwanza kabla ya kununua chochote. Zipo kampuni zinazobeba hatari hiyo: Darn Tough ya Vermont, Marekani, imekuwa ikiuza soksi za merino tangu 2004 kwa dhamana ya maisha, ukitoboa unazifua, unazirudisha, unapewa nyingine. Kwa aliye mbali, apige kwanza hesabu ya kuzituma. Bila dhamana, faida ya pesa inakuja kwa njia nyingine: plasta zisizotumika, siku ya pili isiyoharibika, begi lenye jozi tatu badala ya saba.

Asiye na uwezo wa jozi tatu kwa mkupuo anunue moja, ya unene wa kati, na aitumie kwa siku ndefu tu. Zilizobaki ziwe za nailoni na poliesta zenye kisigino kilichofumwa vizuri. Pamba aiache nyumbani. Na tarehe ya kwanza kuzivaa aiandike mahali, na kilomita kila safari, kwa kalamu kwenye daftari. Baada ya msimu mmoja atakuwa na jibu la mguu wake mwenyewe, kwenye buti zake na njia zake.